Tarari Hakuondolewa: Maisha ya Marehemu Tamae Nukaga

Mheshimiwa mtawa wa hekalu, ndugu wa ukoo wa Nukaga na ndugu wa ukoo wa Igarashi mliosafiri tangu alfajiri, majirani, wenzake wa kazini wa zamani na wa sasa, na ninyi watoto mlioketi viti vya mbele ingawa vilikuwa vimetengwa kwa ajili ya wawakilishi wa Mamlaka ya Maji, familia inawashukuru nyote kwa kufika, na inawaomba mtulie kidogo, tuwasomee mpendwa wetu alitoka wapi, alifanya nini, na ametuachaje.

Marehemu Tamae Nukaga, ambaye kabla ya kuolewa aliitwa Tamae Igarashi, alizaliwa tarehe 9 Februari 1939 kwa hesabu ya mama yake, na tarehe 13 Februari 1939 kwa hesabu ya serikali, katika kijiji kimoja cha bonde la Uonuma, mkoani Niigata, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa Mzee Kyuzo Igarashi, mpika pombe ya mchele, na mkewe Bibi Towa, na tofauti hiyo ya tarehe ilitokana na theluji, kwani mkunga alikubali kuingia kwa dirisha la ghorofa ya juu, lakini karani wa kijiji hakukubali, akasubiri njia ichimbwe, kisha akaandika siku aliyofika yeye badala ya siku aliyofika mtoto, na kwa sababu hiyo marehemu alisherehekea siku mbili za kuzaliwa kila mwaka, na hakuwahi kuona haja ya kuomba masahihisho.

Alianza shule ya msingi kijijini mwaka 1945, mwaka ambao, vita vilipoisha, wanafunzi waliagizwa kufuta kwa wino nusu ya yaliyoandikwa vitabuni, akaendelea na sekondari ya chini hapohapo mwaka 1951, na sekondari ya juu mjini Nagaoka kuanzia 1954 hadi alipohitimu Machi 1957, na alama zake zilikuwa za wastani katika kila somo, isipokuwa uchoraji, ambamo zilikuwa mbaya, kwa sababu siku moja mwalimu alileta kuku darasani, akawataka wote wamchore, na alipopita kukagua alikuta wenzake wana kuku mezani, ila yeye ana vumbi, manyoya mawili yanayoelea, na alama ya kucha kwenye ukingo wa karatasi. Mwalimu akamuuliza, "Igarashi, kuku yuko wapi?" naye akajibu kwa adabu zote, "Ameshaondoka, Mwalimu." Darasa lilicheka, alama ikawa ziro, na mama yake alipoitwa shuleni aliitazama ile karatasi, akasema kwamba kwa kweli kuku wao nyumbani huondoka hivyohivyo.

Machi hiyohiyo ya 1957 alipanda treni kwenda Tokyo, akapanga chumba Nerima pamoja na binti mwingine wa Niigata, akafanya kazi ya kufunga vifurushi katika duka la chai, na Januari 1958 akaajiriwa katika studio ya katuni ya Bwana Tsurumaki, ambayo ilikuwa nyumba ya mbao ya ghorofa mbili nyuma ya shamba la figili, na humo wanaume walichora na wanawake walipaka rangi, wakiwa wamevaa glovu za pamba zilizokatwa vidole vitatu, kila mmoja na brashi yake na rangi yake moja, na marehemu alipaka rangi ya buluu peke yake kwa miaka mitatu, anga, bahari, suruali za polisi, mpaka Aprili 1961, wachoraji wawili walipohamia studio nyingine siku moja, Bwana Tsurumaki akatazama huku na huku, akamwita, akamkabidhi penseli na kumwambia, "Ni kwa muda tu, Dada Igarashi." Muda huo ulidumu miaka hamsini na mmoja.

Inafaa tueleze kidogo kazi yenyewe, kwa sababu bila hilo hamtaelewa kilichotokea baadaye. Filamu hupitisha picha ishirini na nne kwa kila sekunde, na katuni ya kifahari ingetaka mchoro mpya kwa kila picha, lakini televisheni ilitaka kipindi kipya kila wiki, hivyo studio zote za Tokyo zilichora mchoro mmoja na kuupiga picha mara tatu, mtu akitembea anarukaruka kidogo, akiongea mdomo tu ndio unaosogea, na Bwana Tsurumaki, aliyekuwa mtu mwema mwenye tumbo la wasiwasi, aliwaeleza vijana wake kila Jumatatu kwamba televisheni ni kama supu ya miso ya mwisho wa mwezi, unaongeza maji mpaka mtu alalamike. Marehemu hakulalamika, ila alikuwa na swali moja, nalo alilirudia kwa kila mtu, hata kwa muuza tofu, kwamba ni nini hasa kinachofanya mistari ya penseli, ambayo imekufa kwenye karatasi, iamke inapopishana mbele ya taa, na hakuna aliyewahi kumjibu, na yeye mwenyewe, hadi siku zake za mwisho, alipokuwa akiulizwa na waandishi wa habari, alisema hajui, na alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayezungumzia mlima.

Sasa tunafika kiangazi cha 1964, mwaka wa Olimpiki, ambapo mvua iligoma, mabwawa yalipasuka kama mikate mikavu, Tokyo ikaingia kwenye mgao wa maji, na mji mmoja jirani, ambao kwa ombi la wahusika hatutautaja jina, uliona nao ni lazima ufanye jambo. Asubuhi ya tarehe 14 Julai simu ililia studio, Bwana Tsurumaki alikuwa amekwenda kwa daktari wa tumbo, marehemu akaipokea, na upande wa pili alikuwa karani kijana wa idara ya maji ya mji huo, jina lake Shuzo Nukaga, ambaye alisimama wima hata alipozungumza kwenye simu.

Karani alisema kwamba idara inahitaji filamu fupi ya katuni, ya kuonyeshwa kwenye televisheni na kabla ya sinema, yenye maudhui ya *sessui yosei*. Kila mmoja wenu hapa anajua, ila kwa ajili ya watoto tuseme wazi, kwamba kwa maandishi ya kiofisi *yosei* ni ombi rasmi la serikali kwa wananchi, na *sessui yosei* ni ombi la kubana matumizi ya maji, lakini kuna *yosei* nyingine, inayoandikwa kwa herufi tofauti kabisa na kutamkwa sawasawa kabisa, ambayo maana yake ni kichimbakazi, kiumbe mdogo wa ajabu anayeruka. Mtu aliyekulia ofisini husikia ombi. Marehemu hakukulia ofisini.

"Kichimbakazi wa kubana maji," alijisemea, na akauliza kwenye simu, "Sura inatakiwa iweje?"

Karani, akidhani anaulizwa kuhusu lugha ya ombi, akajibu, "Heshima kwanza. Lakini iwe na msimamo. Isiwatishe wananchi."

"Na ukubwa?"

"Wa kutosha kuonekana, lakini usiwe wa kuchukiza."

"Umri je?"

Karani akasema ombi ni jipya kabisa, la wiki hii.

Marehemu akaandika kwamba ni kichanga, akafikiri kidogo, akauliza swali la mwisho, ambalo ndilo lililokamilisha mambo, kama aweke *hane*. Neno *hane* ni bawa, lakini pia ni ule mkia mdogo ambao brashi huuacha mwandishi anapomalizia mstari wa herufi, na mkuu wa idara ile, Bwana Sugadaira, alikuwa mtu aliyerudisha nyaraka kwa sababu ya mkia mmoja uliosahauliwa. "Weka!" karani alisema, karibu kwa kupiga kelele. "Tafadhali sana weka, na zionekane vizuri. Mkuu wetu huziangalia hizo kabla ya kitu kingine chochote."

Marehemu alichora kwa wiki tatu. Bwana Tsurumaki alipopita mezani pake na kuona rundo la karatasi, alishika tumbo, kwa maana huyu kiumbe mmoja alikuwa anachorwa mchoro mpya kwa kila picha, bila kuruka hata moja, huku jiko, bomba, ndoo na mama wa nyumba vikichorwa kwa mtindo wa supu ya mwisho wa mwezi. Akamwambia, "Dada Igarashi, utatuua." Akajibu, "Bwana Tsurumaki, hao wengine ni watu na vyombo, wanaweza kuvumilia. Huyu ana siku chache tu."

Tarehe 7 Agosti 1964 filamu ilionyeshwa katika chumba cha mikutano cha idara, mapazia yakiwa yamefungwa, feni ikizunguka, na wakuu wa vitengo wamekaa kwa ngazi zao. Ukutani alitokea Tarari, ambaye jina lake ni sauti ya tone linalochuruzika, si mkubwa kuliko kidole gumba, mwenye mabawa ya kereng'ende na nywele zilizolowa, akatoka kwenye mdomo wa bomba linalovuja, akatazama matone yakipotea, akashika koki kwa mikono miwili, akaning'inia, akasukuma kwa miguu, akateleza, akaanguka kwenye beseni, akapanda tena akiwa amekasirika, akaegemeza mgongo, akasukuma kwa mwili wake wote mpaka koki ikafunga, kisha akaketi juu yake, akashusha pumzi, akakamata tone la mwisho lililobaki, akalinywa, na hakusema neno hata moja. Vitu vyote vilivyomzunguka vilikuwa katuni, lakini yeye alikuwa hai, hakuna namna nyingine ya kulisema, kana kwamba ukuta wa idara ulikuwa na tundu na mtu fulani amepita.

Taa ziliwashwa. Bwana Sugadaira akauliza, "Huyo ni nani?"

Karani Nukaga, ambaye alikuwa ameelewa kila kitu tangu sekunde ya tatu na jasho lilikuwa limefika kwenye mkanda, alisimama. "Ni *yosei*, Mkuu."

"Nasikia ni *yosei*. Nauliza ombi langu liko wapi."

"Ndiye huyo, Mkuu. Lina mabawa. Nilisisitiza *hane* zionekane."

Hakuna aliyethubutu kucheka. Katika kimya hicho ilisikika, kutoka chumba cha chai mwisho wa ukumbi, sauti ya bomba linalodondoka, ambalo lilikuwa likidondoka tangu mwaka 1961 na maombi mawili ya matengenezo yalikuwa yamekataliwa, na Bwana Sugadaira, mtu mwenye umri wa miaka hamsini na tisa na medali ya utumishi wa umma, aliinuka, akatoka, wakasikia hatua zake, wakasikia koki ikikazwa, akarudi, akaketi, akasema filamu irushwe. Katika vitabu vya idara hapakuwa na kifungu cha vichimbakazi, kwa hiyo Tarari akaingizwa kwenye kumbukumbu kama "ombi, aina ya pekee, lenye mabawa."

Yaliyofuata wengi wenu mliyaona, na baadhi yenu ndio mlioyafanya. Katika siku za mgao ule watoto wa mji mzima walisimama zamu kwenye mabomba ya nyumba zao, walikaza koki mpaka mama zao wakashindwa kuzifungua, walikunywa maji wakiacha tone moja la Tarari kwenye kikombe, na simu ya idara haikupumzika, baba mmoja akiuliza kwa uchungu kama serikali inamruhusu kuoga, kwa kuwa binti yake amelala mbele ya mlango wa bafu na anasema hapiti mtu. Karani Nukaga akamjibu kwamba anaruhusiwa, na yule baba akaomba aongee na mtoto mwenyewe, ampe ruhusa hiyo kwa sauti ya kiofisi. Vipimo vya matumizi ya maji vilishuka kiasi cha kuifanya idara itume fundi kukagua kama mita zimeharibika.

Mwisho wa Agosti mvua ikaja, ikanyesha kama iliyokuwa inadaiwa, watu wakatoka barabarani bila miavuli, na hapo ndipo shida ya marehemu ilipoanza. Kanuni zilisema kwamba ombi lolote lililotangazwa lazima, sababu yake ikiisha, liondolewe rasmi kwa njia ileile lililotangaziwa. Ombi hili lilitangazwa kwa Tarari. Kwa hiyo Tarari alitakiwa kuondolewa.

Karani Nukaga aliileta amri hiyo mwenyewe, tarehe 2 Septemba, akiwa amelowa chapachapa, akasimama mlangoni kwenye viatu vya wageni vilivyomzidi ukubwa, na ndiyo mara ya kwanza wawili hao walionana uso kwa uso. Alisema idara inataka mchoro mmoja tu, wa kusimama, si wa kusogea, wa sekunde kumi, Tarari akiwa amefumba macho, na chini yake maneno "*Yosei* imeondolewa."

"Unaniambia nimuue," marehemu alisema.

"Hapana, Dada Igarashi. Nakuambia umwondoe."

"Amefumba macho, hasogei, na chini kumeandikwa ameondolewa. Wewe ungekuwa na miaka mitano ungeelewaje?"

"Watoto hawamo kwenye waraka."

"Ndiyo maana nakuuliza wewe, siulizi waraka."

Karani alitazama viatu vyake. Alisema kwa sauti ndogo kwamba yeye mwenyewe, asubuhi ile, alijaribu kumwomba Mkuu neno la upole zaidi, na Mkuu, ambaye pia hakuonekana kufurahi, alimwambia kwamba neno ni la kisheria na halina upole. Wapaka rangi wote walikuwa wameacha brashi hewani, na Dada Orie Kazama, ambaye mwaka huu ametimiza miaka themanini na saba na yuko nasi hapa mstari wa tatu, alimwambia yule karani maneno ambayo familia imeombwa isiyasome mbele ya mtawa.

Marehemu hakulia, hakugombana, alivuta karatasi tupu, akauliza, "Waraka unasema mchoro mmoja?"

"Mchoro mmoja."

"Huohuo, mwanzo hadi mwisho, bila kubadilisha kitu?"

"Huohuo. Bila kubadilisha kitu."

"Haya. Mwambie Mkuu atapata."

Akamchora Tarari amejikunja juu ya koki, shavu kwenye mkono, macho yamefumbwa. Kisha akaweka karatasi nyingine juu yake kwenye meza ya kioo, taa ikiwaka kwa chini, akaunakili mchoro uleule mstari kwa mstari, akaweka nyingine, akaunakili tena, hakuongeza kitu, hakupunguza kitu, hakusogeza bawa wala unywele, mchoro mmoja, akiurudia kwa kila picha ya sekunde zile kumi, siku baada ya siku, na alipochoka vidole aliviweka kwenye maji ya moto akarudi. Bwana Tsurumaki alimwambia kwamba kamera inaweza kuupiga mchoro mmoja mara zote hizo bila kulipa gharama yoyote. Akasema anajua.

Jambo ambalo marehemu alilijua, na ambalo wachoraji wote wanalijua lakini hulihesabu kuwa kasoro, ni kwamba mkono wa mtu hauwezi kuupitia mstari uleule mara mbili. Unatetema kwa unene wa unywele, unazidi hapa, unapungua pale, na ukipanga karatasi hizo na kuzipitisha mbele ya taa, mstari huanza kutambaa kama utando wa maziwa yanayokaribia kuchemka. Jioni ya tarehe 21 Septemba 1964 tangazo lilirushwa, maneno ya idara yakiwa yamekaa chini kama yalivyoagizwa, na juu yake Tarari amelala, hasogei, amefumba macho, na ubavu wake, ambao hakuna aliyeuchora ukisogea, ulikuwa unapanda na kushuka.

Katika sebule za mji ule ilisikika kelele moja. "Anapumua!"

Wengine walikwenda kugusa kioo cha televisheni. Watu wazima walipiga simu idarani, si kulalamika, bali kuuliza kwa sauti ya chini kama nao waliona walichokiona. Asubuhi yake Bwana Sugadaira aliagiza karatasi zote ziletwe, akaziweka mbili mbili mbele ya dirisha, akazilinganisha mchana kutwa pamoja na wakaguzi wawili, wakitafuta pumzi, na hawakuiona, kwa sababu katika kila jozi waliyoishika mchoro ulikuwa uleule, amri ilikuwa imetimizwa kikamilifu, na bado kila walipoziendesha kwenye mashine alikuwa anapumua. Inasemekana Bwana Sugadaira alivua miwani, akasema kwamba kitu kinachopumua hakiwezi kuandikwa kimeondolewa, kwa sababu itakuwa ni taarifa ya uongo, akasaini kwamba ombi "limesitishwa kwa muda usiojulikana", na hivyo ndivyo Tarari alivyobaki nasi.

Tarehe 3 Aprili 1966 marehemu alifunga ndoa na yule karani, Bwana Shuzo Nukaga, ambaye wakati huo alikuwa amehamishiwa kitengo cha mita kwa kosa la kutowasilisha jambo kwa maandishi, na akakaa humo kwa furaha mpaka alipostaafu mwaka 1998, na Mungu wa ndoa aliwajalia watoto wawili, Chigusa, aliyezaliwa 11 Mei 1968, na Haruhiko, aliyezaliwa 30 Oktoba 1971, pamoja na wajukuu watatu. Nyumbani kwao hakuna jambo lililoaminiwa kwa kusikia tu, hata kitoweo cha jioni kiliandikwa kwenye ubao, na bado, marehemu alipenda kusema, walikula samaki siku waliyopanga mayai.

Tarari alipata kipindi chake cha kila wiki kuanzia 1970 hadi 1979, aliamshwa kikazi katika ukame wa 1978, wa 1987 na ule mkali wa 1994, na katika miaka yote hiyo hakuchorwa na mkono mwingine wowote. Walijaribu. Studio ilileta vijana wenye vipaji, walichora mstari wake kwa usahihi ambao yeye mwenyewe hakuwa nao, na kichimbakazi akatoka mzuri, safi, na amekufa. Marehemu aliwatazama, akawashukuru, akawapa biskuti za mchele, na jioni akamwambia mumewe kwamba anaogopa jambo moja tu duniani, kwamba pengine Tarari hakuwa kiumbe, alikuwa mazoea ya mkono wake, na siku mkono huo utakaposimama naye atasimama.

Mkono ulianza kusimama mwaka 2012. Madaktari waliuita ugonjwa wa Parkinson, akaweka penseli chini Machi mwaka huo, na watu walimfariji kwamba Tarari yupo kwenye kumbukumbu, faraja ambayo aliipokea kwa adabu na hakuipenda. Kisha, mwaka 2018, idara za maji za miji kadhaa ziliunganishwa kuwa Mamlaka moja, na ofisa kijana mwenye adabu sana alifika nyumbani kueleza kwamba Mamlaka mpya haiwezi kurithi ombi lililositishwa, ama lirudi kazini kwa filamu mpya ndani ya mwaka mmoja, ama liondolewe moja kwa moja. Mzee Shuzo, ambaye tangu aingie kitengo cha mita hakuwahi kumpandishia mtu sauti, alimwambia, "Kijana, mimi nilishawahi kuleta barua hiyo. Viatu vililowa bure."

Basi wachoraji wakaitwa upya, na mmoja wao alikuwa Bi Madoka Isurugi, aliyekuwa na miaka arobaini na mbili, mama wa mapacha, mchoraji wa magari na roboti, ambaye hakuwa amewahi kuchora kitu chenye mabawa. Marehemu, wakati huo akizungumza kwa shida na kwa sauti ndogo, alimwambia jambo moja tu, "Usiufuate mstari wangu. Mstari wangu umechoka. Mfuate yeye." Bi Isurugi alikaa miezi mitano, na Juni 2019 alileta filamu yake hapo nyumbani, akiwa anatetemeka kuliko mgonjwa.

Tarari aliyetokea kwenye kioo alikuwa mnene kidogo. Alitua kwenye bomba kwa kishindo, kama mtu aliyeshuka ngazi moja zaidi ya alizohesabu. Hakuning'inia kwenye koki, aliizunguka kwanza, akaipiga teke, akaumia, akashika kidole cha mguu, akatazama huku na huku kama kuna aliyemwona, halafu akatutazama sisi. Chigusa alifumba macho kwa kumhurumia mama yake. Hakuna hata mstari mmoja uliokuwa wa zamani.

Marehemu alitazama mpaka mwisho, uso wake ukiwa mgumu, kama ugonjwa ule unavyoufanya, hivyo hakuna aliyeweza kusoma kitu. Kisha akasema, "Huyu simjui."

Bi Isurugi aliinamisha kichwa mpaka kwenye mkeka na kuanza kuomba radhi.

"Subiri," marehemu alisema. "Nilimchora miaka hamsini, kila alichokuwa anakwenda kufanya nilikijua kabla yake. Sasa simjui." Akainua ule mkono wake, ambao haukutulia tena, akauelekeza kwenye kioo. "Nionyesheni tena. Nataka nione atafanya nini."

Wakamwonyesha tena, na tena, na kila mara alisogea mbele kidogo kwenye kiti, akiwa na macho ya wale watoto wa 1964, na Bwana Shuzo anasema kwamba usiku ule, kwa mara ya kwanza tangu 2012, mkewe alilala bila kuuliza Tarari atabaki na nani. Mamlaka ya Maji ilimpokea Tarari kazini tarehe 1 Aprili 2020.

Hali ya marehemu ilibadilika Septemba mwaka huu wa 2023, alipougua homa ya mapafu, akalazwa hospitalini hapa Nerima, akapata nafuu, akarudi nyumbani kama alivyotaka, na akafariki dunia Jumatatu tarehe 6 Novemba 2023, saa tatu na dakika kumi asubuhi, mume na watoto wake wakiwa kando, akiwa na umri wa miaka themanini na minne kwa hesabu zote mbili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa wauguzi wa wodi ya tatu waliovumilia kuulizwa kila siku jinsi matone ya dripu yanavyohesabiwa, majirani wa mtaa walioleta chakula bila kubisha hodi ili wasitusumbue, Dada Orie na wapaka rangi wote waliobaki, Bi Isurugi na studio nzima, na Mamlaka ya Maji kwa shada lake zuri. Mamlaka imetuuliza kwa maandishi kama kufuatia msiba huu Tarari apewe likizo ya kufiwa, na Mzee Shuzo ametuagiza tujibu hadharani, ili kusiwe na atakayesikia vingine, kwamba hapana, aachwe aendelee, yeye si wa marehemu tena.

Tamae, mkono wako umetulia. Tulia nawe, mama yetu, na upumzike kwa amani.